Rahisi kwa nani?

Najua nimekuwa kimya. Wiki tatu nzima. Mmoja wenu ameniuliza kama nimehamia Dar, mwingine kama nimeolewa. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa na hasira, na nimejiwekea sheria ya kutoandika nikiwa na hasira, maana mara ya mwisho nilipoivunja ilibidi niombe radhi kwa watu wawili kwa mpigo. Sasa hasira imepoa kidogo. Haijaisha. Nisomeni hivyo hivyo.

Ugomvi wangu ni na neno moja: rahisi.

Kikundi kimoja cha vijana wa hapa mjini (sikitaji, wenyewe wanajijua) kilitangaza safari ya kupanda kilima Jumamosi asubuhi. Tangazo lilikuwa na picha nzuri ya jua likichomoza, na chini yake maneno haya: njia rahisi, umri wote, njoo na familia. Nikalipa ada ya watu watatu, fulana tatu nikapewa. Mimi, mpwa wangu wa miaka saba, na mama yangu. Mama ana miaka sitini na sita, presha yake iko sawa, ila goti la kulia limechoka. Nilipompigia simu kiongozi kumwambia habari za goti alinijibu, "Usijali dada, ni rahisi kabisa, hata bibi yangu anapanda."

Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Njia ya mchanga, ng'ombe kwa mbali, mpwa wangu anaokota mawe. Kisha njia ikaisha na mwamba ukaanza. Wanaoijua Dodoma wanajua miamba yetu: mawe makubwa ya mviringo yamebebana kama magunia ghalani, katikati yake nyufa, juu yake mtelezo. Pale hupandi kwa miguu, unapanda kwa mikono. Mama akasimama. Kiongozi, kijana mwenye miguu ya swala, akamwambia kwa adabu zote, "Mama, pumzika hapa, tutakukuta tukirudi." Wakaenda. Mimi nikabaki na mama, na mpwa wangu akabaki akilia kwa sababu aliahidiwa kilele.

Mtasema, si mngeshuka tu? Tulijaribu. Asiye na goti bovu hajui kwamba kupanda ni afadhali, kushuka ndiko kunakoua. Kulikuwa na sehemu mbili ambazo mama angehitaji watu wawili wazima wa kumshika, na mimi nilikuwa mmoja na mtoto mkononi. Tukakaa. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kivuli pekee kilikuwa cha mbuyu, na mbuyu wa mwezi wa tisa hauna hata jani moja, ni kivuli cha fito. Maji tulikuwa na chupa moja na nusu. Wenzetu walirudi saa tano kasoro, wanacheka, simu zimejaa picha, wakatusaidia kushuka vizuri tu. Hakuna aliyeumia. Hakuna habari ya gazeti hapo, na mimi ndiyo kazi yangu, ningejua.

Lakini kwenye bajaji wakati wa kurudi mama alisema, "Mwanangu, siku nyingine nyie nendeni. Mimi niacheni nyumbani."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyamazisha wiki tatu.

Kwa sababu mwanamke huyu amezaliwa Mvumi. Alipokuwa msichana alikuja mjini Dodoma kwa miguu na shangazi zake, kama kilomita 40, wakilala njiani kwa ndugu. Alikwenda kisimani kwa miguu, shambani kwa miguu, kanisani kwa miguu. Leo hii kijana aliyejifunza kutembea mwaka juzi baada ya kununua viatu vya laki mbili anamfanya ajione yeye ndiye asiyejua kutembea. Na siyo kwamba alimtukana. Alimwambia tu kwamba ni rahisi. Ukiambiwa jambo ni rahisi halafu likakushinda, unajilaumu mwenyewe. Humlaumu aliyesema.

Sasa tuongee.

Wageni wangu kutoka Dar wameongezeka tangu treni ya umeme ilipoanza kufika hapa Julai 2024, na wote wana swali moja: Dodoma mnakwenda wapi wikiendi? Wakazi wenyewe huwajibu kwamba hakuna pa kwenda, ni vumbi na nyama choma. Uongo mtupu! Tumezungukwa na vilima. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zetu ni za baridi tamu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, na mji wenyewe umejengwa katikati ya mawe ambayo nchi nyingine wangeyawekea tiketi. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia ukweli kuhusu njia: nani anaweza kwenda, kwa muda gani, na pa kugeukia ni wapi.

Chukueni Lion Rock, lile jiwe linaloutazama mji, ambalo kila mwanafunzi wa UDOM ana picha yake juu yake. Ni njia fupi. Watu husikia fupi wakaelewa rahisi. Ni fupi na ni ya mikono, na mwenye kizunguzungu asiende, na mtu asiende peke yake wala na vitu vya thamani. Hiyo ni taarifa. Inachukua sentensi moja. Nani amewahi kuisoma popote kabla ya kufika?

Au chukueni UDOM penyewe, kule Chimwaga. Chuo kilianzishwa 2007 na kimetawanywa juu ya vilima mpaka wanafunzi wanalalamika miaka yote kwamba kutoka koleji moja kwenda nyingine ni safari. Malalamiko yao ni furaha yangu. Barabara za lami zinapanda taratibu, upepo upo, na ukigeuka unaona mji wote chini yako. Mama yangu anapatembea pale bila tatizo. Mtoto wa kusukumwa kwenye kigari anapita. Mwenye kiti mwendo, akiwa na mtu wa kumsaidia kwenye miinuko, anapita sehemu kubwa. Lakini hakuna kikundi kinachotangaza safari ya Chimwaga, kwa sababu haipigi picha kali.

Hombolo je? Bwawa limekuwepo tangu 1957. Kandokando yake ni tambarare, ndege wamejaa. Bahi je? Mbuga za mpunga, ardhi kama meza, mzee wa miaka themanini anatembea na fimbo yake huku akisalimia watu. Ubaya wa Bahi ni jua na tope la masika, basi semeni hivyo: nendeni asubuhi, nendeni kiangazi, bebeni maji. Mbona haigharimu?

Na Kolo. Hapa lazima nikae kidogo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150, michoro myekundu na myeupe ya twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Zamani kufika Kolo kutoka Dodoma kulikuwa adhabu. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa 2018 ni safari ya asubuhi. Unasimama ofisi ya Mambo ya Kale pale barabarani, unalipa, unapewa mwongozaji, unaendelea kwa gari mpaka chini ya kilima, kisha unapanda. Kipande hicho cha mwisho si kirefu, lakini ni kikali na cha mawe. Nilipokwenda mara ya mwisho tulikuwa na mwalimu mstaafu aliyesafiri kutoka Singida kwa hamu ya kuona michoro aliyoifundisha darasani maisha yake yote. Alifika robo ya njia, akashika kiuno, akasema atasubiri kwenye gari. Hakuna aliyemwambia kabla. Kama angeambiwa angekuja na mkongojo, au angeomba twende polepole na kupumzika mara nne, au angeuliza kama upo mwamba wa kufikika kirahisi zaidi kati ya hiyo mia na hamsini. Alirudi Singida na kiingilio chake mfukoni.

Na pale Kolo kuna jambo ambalo linanichekesha na kunisikitisha. Pango la Mungomi wa Kolo bado linatumika kwa matambiko. Wazee wa vijiji vile wanapanda kwenda kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Wazee! Kwa mwendo wao, kwa siku yao, wakipumzika wanapotaka. Njia ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo, na nani anaongoza msafara.

Mwongozaji mmoja aliniambia kwamba wageni wengi humwuliza "ni mbali?" na yeye huwajibu "hapana" kwa sababu kwake siyo mbali. Nilimpenda kwa ukweli wake. Hana kosa. Hakuna aliyemfundisha kujibu swali jingine.

Historia yetu ndiyo inayonifanya nione haya zaidi. Nchi hii ya Ugogo ilikuwa njia ya miguu kabla haijawa kitu kingine chochote machoni pa ulimwengu. Misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezi kwenda Bagamoyo ilipita hapa, ikalipa hongo kwa watemi wa Kigogo, ikavuka Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji kabla ya Mpwapwa, ambako kukosea hesabu ya maji kulikuwa kifo. Wengine walitembea kwa ujira, wengine kwa minyororo. Wapagazi wale walijua kila kituo: hapa pana maji, hapa pana kivuli, hapa tunalala, mwenye mguu mbovu abebewe mzigo. Taarifa ninayoidai leo walikuwa nayo miaka ya 1850!

Tangu Februari 2006 njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO, na vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa iko mkoani kwetu. Kilimatinde iko pembeni tu, mkoani Singida, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ukisimama pale unaiona Bahi yote imelala chini. Nimefika Mpwapwa, nimefika Kilimatinde. Sijaona kibao hata kimoja kinachomwambia mtembea kwa miguu aanzie wapi na aishie wapi. Karatasi tunazo. Njia tumeziachia mbuzi.

Na mwaka 1967 Mwalimu alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na miaka arobaini na tano, na waliotembea naye hawakuwa wanariadha. Miaka sita baadaye, 1973, Dodoma ikachaguliwa kuwa makao makuu, na mpango mkuu wa mji uliotoka 1976, kazi ya kampuni ya Toronto, Kanada, uliuchora mji huu kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu, anayeendesha baiskeli na anayepanda basi. Mji wa bustani, wenye vilima vyake ndani yake. Wenye magari binafsi walikuwa nyuma kwenye foleni. Someni tena sentensi hiyo halafu mjaribu kuvuka barabara pale mnapoishi.

Simpingi mtu maendeleo. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ina faida yake, na mimi mwenyewe napanda gari kwenda Mtumba, sitembei kilomita 17 na laptopu mgongoni. Lakini hesabu ni hii: manispaa ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012, na jiji likawa na 765,179 kwenye sensa ya 2022. Watu hao wote wanataka viwanja, na viwanja vinapanda vilima. Nimeviona vijia viwili ambavyo nimepita tangu utotoni vikiishia kwenye uzio. Kimoja mwaka juzi kilikuwa na bikoni, mwaka jana msingi, mwaka huu kina geti na mbwa. Kingine kimeliwa na wapasua kokoto, na wale siwalaumu, wana watoto, lakini jiwe likishapasuliwa haliwi tena kilima. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja miteremko mikali miongoni mwa ardhi hatarishi. Kwa hiyo si kwamba nchi haijawahi kufikiria kwamba kilima si kiwanja.

Njia ya miguu ambayo haiko kwenye ramani ya upimaji haipo. Mpima akija na vifaa vyake haoni kijia cha bibi, anaona pori. Ndiyo maana nasema suala la alama na maelezo si anasa ya watu wa fulana. Njia ikiwa na jina, urefu, kibao mwanzoni na watu wa kila umri wanaoipita kila Jumamosi, inakuwa na wenyewe. Njia inayopitwa na vijana kumi na wawili wenye miguu ya swala mara moja kwa mwezi haina mtu wa kuililia.

Waulizeni Wakenya. Msitu wa Karura pale Nairobi ulikuwa umeshakatiwa watu vipande. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti, Januari 1999 wakapigwa mpaka damu. Msitu ukabaki. Lakini ulikaa miaka mingi ukiwa mahali pa kuogopwa, mpaka ulipowekewa uzio, walinzi na njia zenye namba kwenye kila makutano. Leo ukienda Jumapili unakuta wakimbiaji, wazee wanaotembea na vijukuu, watu wa baiskeli. Kila mtu anajua yuko makutano namba ngapi na amebakiza kiasi gani. Namba kwenye nguzo ya mbao! Hiyo ndiyo teknolojia ninayoomba.

Najua majibu yenu, maana nimeshayasikia yote vijiweni.

La kwanza, wazee wakae nyumbani, milima ni ya vijana. Anne Lorimor wa Marekani alifika kilele cha Kilimanjaro Julai 2019 akiwa na miaka 89. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kwa kiti mwendo mwaka 2003, akarudia 2007. Hapa hapa nchini kwetu, mita 5,895. Walipangiwa siku za kutosha, wakapata watu wa kuwasaidia, wakaambiwa ukweli wa njia. Wageni tunawafanyia. Mama zetu tunawaambia wapumzike kwenye jiwe. Na kwa taarifa yenu, hata kule Kilimanjaro neno letu lipo: njia ya Marangu imeitwa njia ya Coca-Cola miaka na miaka kwa sababu eti ni nyepesi, na bado watu wanarudishwa kila wiki kwa sababu mwinuko wa hewa nyembamba hausomi matangazo.

La pili, usalama: vibaka, nyoka, nyuki. Ni kweli vipo. Njia yenye watu ina vibaka wachache kuliko njia tupu, na nyuki wanahitaji kibao cha kusema msipige kelele hapa.

La tatu, pesa. Hili ndilo linalonichosha. Siombi daraja la kioo. Naomba kopo la rangi nyeupe, mbao, na mtu mmoja mwenye saa. Mtu huyo atembee njia na mama mwenye goti bovu, si na kijana, aandike dakika zao. Aandike kivuli kiko wapi, maji yako wapi, sehemu ya kutumia mikono iko wapi, na mtu akichoka ageukie wapi bila kuaibika. Halafu aandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, akibandike mwanzoni.

Na nyinyi wa vikundi, mlioanza kunipigia simu tangu mliposikia naandika hili: siwachukii. Mmewatoa vijana kwenye vitanda Jumamosi, si kazi ndogo. Ila futeni lile neno. Mkitaka kuandika "umri wote", mwekeni mbele mwenye mwendo wa polepole kuliko wote na msimpite. Kama hamtaki, andikeni "wenye miguu mizima tu", na sisi tutajua. Ada yangu sidai. Fulana mama anaoshea vyombo.

Jumapili iliyopita nilimwomba mama tena. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia yeye ndiye atakayeongoza na mimi nitashika saa. Akaniuliza, "Kuna sehemu ya kukaa?" Nikamjibu kwamba kutoka chini pale Chimwaga mpaka kwenye mti wa kwanza wenye kivuli ni dakika kumi na tisa kwa mwendo wake, nilishaenda kupima nikijifanya nina goti. Alicheka sana. Akasema tusizidi saa mbili asubuhi kuanza, na mpwa wangu abebe maji kwa sababu "yeye ndiye alilia".

Tunakwenda Jumamosi hii. Hakuna ada, hakuna fulana. Mnaotaka kuja njooni na bibi zenu, tukutane chini saa kumi na mbili na nusu. Nitakuja na daftari.